Kilovolti 26: mafuta ya transfoma hushindwa kuanzia wapi?

Karatasi ya majibu ya kipimo cha mafuta ya transfoma ikirudi imeandikwa kilovolti 26, wengi huamua palepale kwamba mafuta yamekufa, yamwagwe, yaletwe mapya. Kwa transfoma za 33 kV na 11 kV zilizotapakaa kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi, Lindi hadi Nachingwea, uamuzi huo mara nyingi ni wa haraka mno. Mafuta yenyewe huenda hayana kosa. Kilichoshindwa ni kitu kidogo kilichomo ndani yake: unyuzi uliolowa wa karatasi inayofunika koili, kiputo cha hewa, au ncha ya chuma iliyobaki na mkwaruzo.

Tazama viwango vya kimataifa vinasema nini. Kwa IEC 60296, mafuta mapya kama yalivyoletwa yanakubalika yakistahimili 30 kV katika nafasi ya milimita 2.5 kati ya vyuma viwili vya kupimia (elektrodi). Mafuta hayohayo yakishachujwa na kukaushwa maabara yanatakiwa yafike 70 kV. Hakuna kilichoongezwa, ni maji na uchafu tu vilivyotolewa, na nguvu imezidi mara mbili. Kwa hiyo kile kipimo tunachokiita BDV, yaani volti ambayo mafuta hupasuka na kupitisha umeme, ni kipimo cha usafi na ukavu. Umri wa mafuta unataka vipimo vingine: asidi, rangi, na kadhalika.

Sasa tuingie ndani ya hiyo milimita 2.5.

Mafuta safi hayana chaji za kutosha zinazozunguka humo kusubiri kubeba umeme. Lazima zizaliwe, na huzaliwa pale mkazo wa umeme ulipokusanyika, yaani kwenye ncha. Uso wa shaba unaoonekana laini kwa macho, chini ya hadubini una vilima na mabonde, na juu ya kilima chembamba mkazo unaweza kupanda hadi mamia ya kilovolti kwa milimita hata kama wastani wa nafasi nzima ni 10 au 12 tu. Ncha ikiwa upande hasi, elektroni huchomoka kutoka kwenye chuma na kuingia kwenye mafuta. Zinagonga molekyuli, zinang'oa elektroni nyingine, na katika umbali wa maikroni chache umati mdogo umeshazaliana. Nishati yake inamwagwa mahali padogo mno, ndani ya nanosekunde. Mafuta ya hapo yanachemka kabla joto halijapata pa kukimbilia, na kiputo cha kwanza kinatokea.

Kiputo hicho ndicho cha kutazama. Ndani ya mafuta elektroni inagongana na molekyuli kila hatua, haifiki mbali. Ndani ya gesi ina uwanja wa kukimbia, inapata kasi, inagonga kwa nguvu. Nishati isipoendelea kuja, kiputo kinanywea na mambo yanaishia hapo. Kwenye transfoma iliyo kazini hayo huweza kutokea na kupotea bila mtu kujua, isipokuwa gesi ya haidrojeni inayoachwa imeyeyuka kwenye mafuta. Ikiendelea, kiputo kinarefuka kuwa mchirizi wa gesi wenye matawi kama mizizi ya mkoko, nao unatambaa kuelekea elektrodi ya pili. Kwamba gesi inahusika si nadharia tupu: ukiongeza shinikizo juu ya mafuta, viputo vinapata shida kukua, na volti ya kupasuka hupanda.

Ncha ikiwa upande chanya, mambo ni tofauti kidogo. Hapo chuma ndicho kinachonyonya elektroni kutoka kwa molekyuli za mafuta na kuacha ioni nyuma. Mchirizi wa upande huu ni mwembamba, una kasi zaidi, na huvuka kwa volti ndogo kuliko ule wa upande hasi ambao huwa kama kichaka. Ndiyo maana kwa umeme wa AC wenye ncha upande mmoja, shoti hupendelea nusu ya mzunguko ambayo ncha ni chanya. Kasi ya kawaida ya mchirizi wa namna hiyo ni kama kilomita 2 kwa sekunde. Kwa milimita 2.5 ni mikrosekunde moja na robo. Nusu mzunguko wa umeme wetu wa 50 Hz ni mikrosekunde 10,000. Fyuzi haina habari.

Hiyo ni hadithi ya mafuta safi. Mafuta ya kazini yana njia za mkato, na nitazitaja mbili.

Kwanza, kiputo kilichokuwemo tayari. Uwezo wa mafuta kupokea uga wa umeme ni kama mara 2.2 ya gesi, kwa hiyo mkazo hujazana kwenye gesi: ndani ya kiputo cha duara huwa mara 1.2 hivi ya mafuta yanayokizunguka, na kwenye kiputo bapa kilichobanwa kati ya karatasi na koili hukaribia mara 2.2. Hewa ya kawaida hushindwa kwenye kilovolti 3 kwa milimita. Yaani palipo dhaifu zaidi ndipo penye mzigo mkubwa zaidi.

Pili, unyuzi uliolowa, na huu kwa pwani yetu ndio adui mwenyewe. Maji hupokea uga mara 80 ya hewa. Unyuzi wa karatasi ukishanywa maji huvutwa kuelekea penye mkazo mkubwa, hausukumwi. Unafika kwenye elektrodi, unajipanga kwa urefu kuelekea upande wa pili, unyuzi mwingine unakuja kushika mkia wake. Ukiwa na chombo cha kupimia chenye dirisha na tochi nzuri, unaweza kuuona ukisimama kama unywele kabla ya mlio. Daraja halihitaji kukamilika. Ncha yake inatosha kuwa ile ncha tuliyoielezea juu.

Sasa hesabu ya maji, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapopotezwa na namba. Miligramu 40 za maji kwa kilo ya mafuta ni nyingi au kidogo? Jibu linategemea joto. Kwenye nyuzi joto 60 mafuta ya madini yanaweza kuyeyusha takriban miligramu 240 kwa kilo, hivyo 40 ni asilimia 17 tu ya uwezo, na nyuzinyuzi zinabaki kavu. Kwenye nyuzi joto 25 uwezo umeshuka hadi 68 hivi, na zile 40 zilezile zimekuwa karibu asilimia 60. Nyuzinyuzi zinalowa. Ukivuka asilimia 20 au 30 hivi, volti ya kupasuka huanza kuporomoka.

Weka hilo kwenye Februari ya Mtwara. Transfoma ya kiwanda cha korosho imebeba mzigo mchana kutwa. Jioni mvua kubwa inashuka, laini inazimwa, tangi linapigwa na maji ya mvua usiku kucha. Mafuta yanapoa haraka kuliko karatasi inavyoweza kunyonya tena maji yaliyomo kwenye mafuta. Yakipoa yanasinyaa, na transfoma inavuta hewa ya usiku kupitia kipumulio, kile kikopo cha jeli ya kukausha hewa inayoingia tangini. Asubuhi swichi inarudishwa ghafla. Transfoma iliyofanya kazi bila shida jana kwenye joto inapiga shoti leo ikiwa baridi, na lawama zinaenda kwa radi. Radi hulaumiwa sana huku kusini.

Kuchukua sampuli. Hapa ndipo majibu ya uongo yanapotengenezwa. Subiri siku kavu, jua likiwa limepanda na umande umekwisha. Zima transfoma kama ni ya nguzo au ya kiwanda, hakikisha haina umeme, weka ethi. Kama tangi limefungwa kabisa, lisilo na kipumulio, angalia kwanza geji ya shinikizo: ndani kukiwa na mvuto, ukifungua valvu ya chini hewa itaingia badala ya mafuta kutoka, na kile kiputo kitapanda moja kwa moja hadi kwenye koili. Usichukue siku hiyo.

Futa mdomo wa valvu kwa kitambaa kisichoacha manyoya. Kipande cha kanga kuukuu, tafadhali, hapana, wala pamba ya gereji. Hizo ndizo nyuzinyuzi tunazozikimbia. Mwaga lita moja au mbili kwenye ndoo ili maji na matope yaliyotuama kwenye valvu yatoke. Kama matone ya maji yanaonekana kwa macho chini ya ndoo, umeshapata jibu lako bila mashine. Suuza chupa ya kioo cheusi ya lita moja kwa mafuta hayohayo, mwaga, kisha jaza polepole mafuta yakitiririka ubavuni bila kutoa povu. Acha nafasi ndogo juu kwa ajili ya kutanuka, funga kizibo. Andika joto la mafuta saa ileile. Bila namba hiyo, kipimo cha maji kitakachokuja baadaye hakisomeki. Chupa ya soda iliyooshwa jana haifai hata ikionekana inang'aa.

Kupima, kwa utaratibu wa IEC 60156: hakikisha nafasi kati ya elektrodi ni milimita 2.5 kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo), na uso wake hauna vishimo. Pindua chupa taratibu mara kadhaa uchafu utawanyike, usiitikise. Mimina ubavuni mwa chombo. Subiri dakika 5. Pandisha volti kwa 2 kV kila sekunde hadi ipasuke, pumzisha angalau dakika 2, rudia hadi zitimie sita. Jibu ni wastani wa zote sita. Kuna wanaopiga tatu na kuandika ile kubwa. Hiyo si kupima.

Wastani peke yake nao huficha mambo, kwa hiyo dai namba zote sita. Chukua mfano wa 24, 41, 38, 52, 29 na 45. Wastani ni 38, lakini zimetawanyika, na mara nyingi hiyo ni dalili ya chembe: zikipita kwenye nafasi inapasuka mapema, zisipopita inavumilia. Linganisha na 27, 25, 26, 24, 26 na 25. Zimeshikana chini, na kinachoshukiwa kwanza ni maji yaliyoenea kotekote. Ya kwanza ikiwa chini sana na tano zilizobaki zikiwa juu, huenda hukusubiri zile dakika 5 na kiputo kilibaki. Kwa transfoma zisizozidi 72.5 kV, IEC 60422 inahesabu zaidi ya 40 kuwa nzuri, 30 hadi 40 ya wastani, chini ya 30 mbaya.

Tiba ni mashine ya kuchuja yenye vakyumu, mafuta yakiwa kwenye nyuzi joto 60 hivi, kichujio cha maikroni 5 au pungufu. Chembe zitatoka. Maji ya kwenye mafuta yatatoka. Ila usisherehekee mapema, kwa sababu maji mengi hayako kwenye mafuta. Transfoma yenye kilo 300 za karatasi iliyolowa kwa asilimia 2 ina kilo 6 za maji kwenye karatasi. Kilo 3,000 za mafuta yenye miligramu 20 kwa kilo zina gramu 60. Unachuja gramu 60 huku kilo 6 zikikutazama. Baada ya wiki kadhaa za mzigo karatasi itakuwa imerudisha unyevu kwenye mafuta, kwa hiyo pima tena; kama imeshuka sana, kazi ni kukausha koili, na hiyo ni safari nyingine ya tanuri au vakyumu ndefu.

Swali linaloulizwa sana huku: kwa nini tusitumie mafuta ya nazi, au yale ya maganda ya korosho? Mafuta ya mimea yanatumika duniani, ya soya na alizeti kwa mfano, na yanameza maji mengi zaidi kabla ya kushiba. Lakini hutengenezwa kwa ajili hiyo. Ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, na usiku wa Julai unafika huko. Ya maganda ya korosho yana asidi na yanaunguza ngozi. Usiyasogeze karibu na karatasi ya koili. Na kinyume chake: mafuta ya transfoma si ya kukaangia chochote. Ya zamani huenda yana PCB, kemikali za sumu, na hizo haziharibiwi na moto wa jikoni.

Mwisho kipumulio, maana ndiko unyevu unakoingilia. Silika jeli ya bluu hugeuka pinki ikilowa, ya machungwa hugeuka kijani. Rangi inatakiwa ibadilike kuanzia chini kwenda juu. Ikianza kubadilika juu, kuna upenyo kwenye bomba au gasketi na hewa inapita bila kukaushwa, hivyo kubadilisha jeli peke yake hakusaidii. Kikombe cha mafuta cha chini yake kiwe na mafuta hadi kwenye alama. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, kikague kila mwezi. Jeli iliyolowa huanikwa kwenye oveni ya nyuzi joto 120 hadi rangi irudi, kisha hutiwa kwenye kopo lenye kifuniko ikiwa bado ya moto, kwa sababu ikiachwa wazi kwenye benchi usiku mmoja wa pwani itakuwa imelowa tena kabla hujaifunga.