Krismasi niliyoisikiliza dirishani

Krismasi tatu za utoto wangu sikuziona kwenye televisheni. Nilizisikia nikiwa nimesimama nje, chini ya dirisha la sebule ya bibi kule Marangu, Kilimanjaro, mikono yote miwili kwenye mwanzi wa antena.

Televisheni yenyewe aliileta baba mdogo Desemba 1995. Aliipakata kwenye basi tangu Dar es Salaam mpaka Himo, zaidi ya kilomita 500, maana hakutaka iwekwe kwenye buti pamoja na magunia. Ilikuwa ya chogo, inchi 14, isiyo ya rangi. Bibi alikuwa ameshaifumia kitambaa kabla haijawashwa hata mara moja, na kile kitambaa kilitolewa na kurudishwa kwa heshima kama kile cha altareni.

Umeme ulikuwa umeishia barabara kubwa, haujaingia vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Tulitumia betri ya gari. Mimi na kaka tuliishusha kwa toroli hadi Marangu Mtoni kuchajiwa, na kesho yake tukaipandisha taratibu isije ikamwaga asidi. Ilimwaga hata hivyo. Sweta langu la shule lilitoboka mahali pawili na mama hakusema neno, alilitia kiraka tu, kwa sababu ilikuwa wiki ya Krismasi na nyumba nzima ilikuwa inaisubiri ile betri.

Watoto wa sasa ukiwaambia kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994 wanadhani unawatania. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Sisi huku bara tulikuwa na redio, basi. Na hata vituo vya Dar vilipoanza, picha zake kwetu mlimani hazikufika upesi. Tulichokamata ni KBC ya Kenya. Siku isiyo na ukungu, ukisimama nyuma ya nyumba ya babu unaziona tambarare za Taveta ng'ambo ya mpaka, na baba mdogo alielekeza antena huko huko: fito za alumini na mfuniko wa sufuria, vimefungwa kwa waya kwenye mwanzi mrefu.

Tatizo ni upepo. Jioni unashuka kutoka mlimani, mwanzi unageuka, picha inakuwa chenga tupu. Lazima mtu aushike. Kaka alikuwa na nguvu lakini hakuwa na subira. Nikachaguliwa mimi, miaka 10, kwa kuwa nilijua kutulia.

"Bado!"

"Bado, rudisha kidogo!"

"Hapo hapo! Usiachie!"

Basi nisiachie. Ndani wanacheka, mimi niko na ukungu na harufu ya majani ya migomba.

Lakini siku hiyo haikuanzia kwenye televisheni, na nisiruke yaliyotangulia. Asubuhi ilikuwa ibada, na tarumbeta za kanisani zilisikika mpaka ng'ambo ya korongo. Tukirudi, wanaume wanakwenda kwa mbuzi nyuma ya nyumba. Kila kiungo kina mwenyewe: hiki cha babu, hiki cha shangazi aliyeolewa Kilema, hiki kinapelekwa kwa jirani mzee asiye na mtoto wa kumchinjia. Kisusio, supu ya damu ya mbuzi, kinanyweka kingali cha moto. Jikoni ni machalari kwenye sufuria ambalo siku nyingine za mwaka halitoki stoo. Mbege imeanza kuchemka siku kadhaa kabla, na babu anaonja kata ya kwanza peke yake, kimya, tunamtazama uso tujue imekaaje.

Na babu ndiye aliyekuwa mkuu wa betri. Saa za chaji alizigawa kama nyama. Tarehe 24, hakuna, usiku huo ni wa kanisa. Tarehe 25, kuanzia saa kumi na mbili jioni, mpaka picha ianze kusinyaa kwenye kingo, maana ndivyo betri ilivyokuwa inaaga. Kisha inalazwa mpaka mwisho wa mwaka.

Sasa nije kwa bibi. Alikuwa na kiti chake karibu kabisa na dirisha, na tangu jioni ya kwanza hakukubali kwamba mjukuu wake akae nje asijue kinachoendelea. Akaacha dirisha wazi, baridi yote ile, akawa ananisimulia. Michezo ya kuigiza ya Kiswahili niliisikia mwenyewe. Sauti ya Mzee Ojwang, yule mchekeshaji wa KBC, naikumbuka vizuri kuliko sura yake, na alipofariki mwaka 2015 nilimpigia bibi simu kumwambia, akanyamaza kidogo kama aliyefiwa na mtu wa ukoo. Ila sinema za Kiingereza zilikuwa mali ya bibi. Kiingereza hakukijua hata neno, kwa hiyo alinieleza alichokiona, kwa Kichagga, na pasipoeleweka akapaziba mwenyewe.

Kulikuwa na sinema moja ya farasi. Bibi alinieleza kuwa yule mwenye koti refu ameibiwa ng'ombe na shemeji yake, na anamfuata sio ampige, amwulize tu kwa nini, mbele ya wazee. Nilisimama pale miguu imekufa ganzi, nikimwonea huruma yule mtu kwa moyo wangu wote. Miaka mingi baadaye nikaiona ile sinema Moshi mjini, kwenye deki ya rafiki. Koti ni lile lile, farasi ni yule yule. Ng'ombe hawakuwepo. Lilikuwa jambo la fedha na benki. Sikuimaliza. Kwangu ile hadithi ni ya bibi mpaka leo.

Krismasi ya mwisho ya mwanzi ilikuwa ya 1997, mwaka wa El Nino. Mvua haikukatika. Wa kutoka Dar walifika wamechelewa, matope hadi magotini, shangazi amebeba viatu mkononi. Nilishika mwanzi nimejifunika gunia la kahawa. Kenya walikuwa na uchaguzi mkuu siku chache mbele, tarehe 29, kwa hiyo betri ya mwisho wa mwaka haikungoja salamu za Mwaka Mpya, ililiwa na matokeo. Baba mdogo alifuatilia Moi na Kibaki. Bibi alikuwa na wake: Charity Ngilu. Mwaka ule wanawake wawili waligombea urais wa Kenya, yeye na Wangari Maathai, na bibi aliposikia kwamba mama anaweza kuomba kazi hiyo, alikuwa haniambii tena habari ya mwingine yeyote. "Yule mama ametajwa," ananiambia dirishani. "Yule mama bado yupo." Moi alipotangazwa mshindi, bibi alifunga dirisha mwenyewe, akatoka nje, akanipa kipande cha ini alichokuwa amekificha kwenye kanga.

Mwaka uliofuata kulikuja mlingoti wa chuma. Baadaye umeme, televisheni ya rangi, halafu ule mwaka wa ving'amuzi, 2013, antena zote zikawa chuma chakavu. Mwanzi wetu uliangulia maparachichi mpaka ulipopasuka.

Desemba iliyopita tulikuwa wengi, thelathini na kitu. Wengine walikuja na treni. Sebuleni kuna televisheni pana kama meza, na inawaka tangu asubuhi bila mtu wa kuigawia saa. Babu amelala kihambani, karibu na masale, mmea wa heshima wa Wachagga. Bibi yupo, ila macho yana mtoto wa jicho na siku nyingine akili inakwenda mbali na kurudi. Kiti chake hakijahama. Nilivuta kigoda nikakaa naye, nikaanza kumsimulia kilichokuwa kwenye kioo, kwa Kichagga changu cha mjini kinachopinda pinda. Alinisikiliza kwa adabu. Mvua ikaanza juu ya bati.

Akanishika mkono. "Nani ameshika mti huko nje?"

Nikamwambia hakuna mtu, bibi, siku hizi hakushikwi.

"Yupo," akasema. "Mwambie aingie. Ameshalowa, na nyama yake nimeiweka."