Kwa Miguu si Pekupeku

Swali la saba ndilo lililotuangusha. Ilikuwa 2011, msimu wa kupandikiza mpunga huko Usangu, wilayani Mbarali, tukizunguka na dodoso la safura, ugonjwa wa minyoo. Karatasi iliuliza: "Je, unakwenda shambani kwa miguu?" Mzee wa kwanza akaitazama pikipiki tuliyokuja nayo. "Mjukuu wangu, niende na nini tena?" Nikaweka vema kwenye "ndiyo". Miguuni alikuwa amevaa katambuga.

Kufika saa sita nilikuwa na ndiyo 14 kati ya 14. Ofisini ingesomeka kwamba kijiji kizima hakina viatu! Kwenda kwa miguu ni kutopanda chombo, hata kama umevaa buti. Asiye na kiatu anakwenda pekupeku, au miguu mitupu. Pekupeku ni kielezi, hakibadiliki awe mmoja au wawe kumi. "-Tupu" hufuata ngeli: miguu mitupu, kama mikono mitupu.

Nikafuta, nikaandika "peku". Nikaharibu zaidi. Kijana niliyemuuliza kama huwa anakwenda peku aliangua kicheko, maana kwao hilo ni kulala na mtu bila kondomu. Mama aliyekuwa aking'oa miche akaniokoa: "Itaje miguu, mwanangu. Sema miguu pekupeku."

Mama huyohuyo alikuja na kandambili, akaziacha juu ya tuta, akaingia jarubani pekupeku. Tope la jaruba hunyonya kandambili mpaka kikanda kinachomoka, kwa hiyo hakuna anayeingia nazo. Basi hata neno likiwa sahihi, swali bado bovu: pekupeku wapi? Viluwiluwi vya safura hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, vikapenya ngozi ya mguu, hasa katikati ya vidole. Ndani ya maji ya jaruba nahofia zaidi kichocho, nacho hakichagui mguu wala mkono.

Tukaligawa swali mara tatu: njiani unavaa nini miguuni? Jarubani? Chooni? Kisha tukarudi kwa wale 14, tukianza na mzee.

Njiani, katambuga. Jarubani, pekupeku. Na chooni?

"Hizi?" akazitazama katambuga zake. "Nazivua mlangoni, zisichafuke."