Kumbukumbu ya mradi: familia moja ya mlango, moja ya dirisha, vipimo vyote

Mradi huu una familia mbili tu za Revit (programu ya kuchora majengo), moja ya mlango na moja ya dirisha. Familia ni faili la kifaa kimoja ambacho vipimo vyake vinaweza kubadilishwa. Kila moja inatakiwa ichukue nafasi ya rundo la mafaili yanayotofautiana kwa sentimita chache. Jambo linaloongoza kazi yote ni hili: kila kipimo kiwe na mwenyewe mmoja. Familia nyingi hupasuka kwa sababu kipimo kimoja kinaamriwa na vitu viwili.

Toleo 0.1: mifupa

Mlango umeanzia kwenye kiolezo cha milango cha milimita. Kiolezo hicho kinakuja na ukuta, uwazi uliokwisha kuukata ukuta huo, na mabapa ya rejea (nyuso za kupimia na kufungia maumbo) ya kushoto, kulia na katikati, yakiwa yamefungwa ili katikati ibaki katikati upana unapobadilika.

Katika toleo hili hakuna umbo lililochorwa, ni mabapa ya rejea peke yake: uso wa ndani wa kila mwimo, uso wa chini wa kizingiti cha juu, kingo za ubao (sehemu ya mlango inayofunguka) pande zote, na nyuso mbili za ubao. Kipimo kinawekwa kati ya bapa na bapa, kisha kinapewa jina la parameta, yaani thamani inayoweza kubadilishwa. Umbo litakapokuja litafungwa kwenye bapa. Halifungwi kamwe kwenye umbo jingine, kwani ukilichora upya lile la kwanza, la pili linapoteza mshiko, na ujumbe wa kosa unatokea mbali kabisa na chanzo chake.

Thamani za kuanzia ni Unene_Fremu 40 mm, Nafasi (mwanya kati ya ubao na fremu) 3 mm, Nafasi_Chini 8 mm na Unene_Ubao 44 mm. Ubao haupewi upana wake kwa mkono. Unakokotolewa:

Upana_Ubao = Upana - 2 * Unene_Fremu - 2 * Nafasi
Kimo_Ubao = Kimo - Unene_Fremu - Nafasi - Nafasi_Chini

Kwa mlango wa 900 × 2100 mm ubao unatoka 814 × 2049 mm. Mistari ya chini inayounganisha maneno ndani ya majina imetumika badala ya kistari, kwa kuwa jina kama Unene-Fremu lingesomwa na fomula kama kutoa kitu kimoja kutoka kingine. Herufi kubwa na ndogo nazo zinatofautishwa, hivyo "upana" na "Upana" ni parameta mbili tofauti.

Kabla ya kuongeza chochote, mifupa imenyooshwa kwa upana wa 600, 750, 900, 1200 na 1800 mm, na kimo cha 1800, 2100 na 2700 mm. Jaribio hili linarudiwa baada ya kila nyongeza, hata nyongeza ya kipande kimoja. Ukisubiri mpaka umemaliza kuchora, hutajua ni kufuli gani (kifungo cha umbo na bapa) kati ya thelathini iliyoharibu.

Toleo 0.2: fremu na ukuta

Fremu ni umbo moja linalofuata njia: mwimo, kizingiti, mwimo. Njia imefungwa kwenye mabapa kwa kulinganisha na kufunga kufuli, mstari kwa mstari. Mstari usiofungwa huonekana kama umetulia, kumbe programu imeuwekea kipimo chake cha siri, na unapobadilisha upana unaamua wenyewe pa kwenda. Vipimo hivyo vya siri vinaweza kuonyeshwa kwenye mipangilio ya mwonekano wa kihariri cha familia. Viwashe. Kila unachokiona pale ni kufuli uliyosahau.

Kina cha fremu kinapaswa kufuata unene wa ukuta. Njia safi ni parameta ya kuripoti inayosoma umbali kati ya nyuso mbili za ukuta. Parameta ya kuripoti inakubaliwa ndani ya fomula pale tu ambapo ncha zote mbili za kipimo chake zimeshika ukuta mwenyeji, yaani ule unaobeba mlango. Ncha moja ikishika bapa lako, fomula inakataliwa. Kumbuka pia kwamba inasoma unene wote, plasta ikiwemo. Kwa fremu inayoishia kwenye tofali, ongeza parameta ya unene wa plasta na uitoe pande zote mbili.

Toleo 0.3: ubao unaofunguka

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda. Ubao umejengwa kama familia yake, kisha ukaingizwa ndani ya familia ya mlango. Kuuzungusha kwa bapa la rejea hakutabiriki, kwa sababu bapa halina ncha ya kuzungukia. Mstari wa rejea una ncha. Ncha hiyo inalinganishwa na kufungwa kwenye mabapa mawili yanayokutana kwenye mhimili wa bawaba, moja baada ya jingine, kisha pembe inapimwa kutoka bapa la ukuta hadi kwenye mstari.

Chora mstari huo ukiwa umeinama nyuzi 30 au 45. Ukiuchora kwenye nyuzi 90, programu huweza kuushikisha na mabapa mengine yaliyo sambamba nao, na pembe inakataa kubadilika. Sifuri nayo ni tatizo, maana mstari ukilala juu ya bapa, kipimo cha pembe hakina cha kupima. Kinga yake ni parameta mbili, moja ya mtumiaji na moja ya kazi:

Pembe_Kazi = if(Pembe < 1°, 1°, if(Pembe > 179°, 179°, Pembe))

Pembe ni parameta ya kila mlango uliowekwa, si ya aina (vipimo ambavyo milango mingi inashiriki), ili mlango mmoja uonyeshwe wazi na jirani yake ufungwe. Upana na Kimo vimebaki kwenye aina. Vikishuka kwenye mlango mmoja mmoja, mtu atavuta ukingo kwa kipanya na jedwali litajaa milango ya 897 mm.

Kwenye ramani ya sakafu, ubao wa pande tatu umezimwa na mahali pake pamewekwa mistari ya alama: ubao na tao la kufungukia. Vyote viwili vikiachwa, mistari inapandiana na mchoro unaochapwa unakuwa mzito. Kitasa kinaonekana kwenye kiwango cha juu cha undani peke yake. Mikunjo yake midogo ikizidishwa mara mia tatu ndani ya jengo moja, kila mwonekano unachelewa kufunguka.

Toleo 0.4: dirisha na miimo ya kati

Dirisha linatakiwa lijigawe lenyewe: kioo kisizidi 700 mm (Kioo_Juu), fremu 50 mm, mwimo wa kati 50 mm. Fomula ya kwanza ilikuwa ile ambayo wengi huandika:

Idadi_Vioo = roundup((Upana - 2 * Fremu) / Kioo_Juu)

Si sahihi, kwa kuwa imesahau nafasi inayoliwa na miimo. Kwa dirisha la 2300 mm inatoa vioo 4, ingawa vioo 3 vya 700 mm kamili na miimo miwili vinatosha barabara. Iliyo sahihi:

Idadi_Vioo = roundup((Upana - 2 * Fremu + Mwimo) / (Kioo_Juu + Mwimo) - 0.001)

Ile 0.001 ina sababu. Ndani kabisa, Revit inahifadhi urefu kwa futi za desimali, hivyo 2250 kugawa kwa 750 huweza kutoka 3 na kidogo kisichoonekana, na kidogo hicho kinapandishwa kuwa 4. Kisha:

Upana_Kioo = (Upana - 2 * Fremu - (Idadi_Vioo - 1) * Mwimo) / Idadi_Vioo

Kwa 2400 mm vioo vinakuwa 4, kila kimoja 537.5 mm.

Miimo ya kati, ambayo idadi yake (Idadi_Miimo) ni Idadi_Vioo - 1, ni safu, yaani nakala zinazojirudia, na safu katika matoleo mengi haikubali idadi iliyo chini ya 2. Kwa hiyo Idadi_Safu = if(Idadi_Miimo < 2, 2, Idadi_Miimo), mwonekano wa safu umefungwa kwa Idadi_Miimo > 1, na pembeni upo mwimo mmoja wa peke yake unaoonekana Idadi_Miimo = 1. Alama ya "kubwa au sawa" haipo kwenye fomula hizi. Andika not(Idadi_Miimo < 2). Usishtuke kuona kilichofichwa bado kipo ndani ya kihariri. Kinapotea kweli familia ikipakiwa kwenye mradi.

Toleo 0.5: katalogi ya aina

Aina zote zimehamishiwa kwenye faili la maandishi lenye jina lilelile la familia, folda ileile. Safu wima ya kwanza haina kichwa, ndiyo maana mstari unaanza na mkato:

,Upana##length##millimeters,Kimo##length##millimeters
M-0921,900,2100
M-1221,1200,2100

Mkato mmoja ukikosekana, thamani zote zinasogea hatua moja, na kimo kinaingia mahali pa upana.

Toleo 0.6: linaendelea

Kichwa cha tao. Nusu kipenyo kinakokotolewa kutoka upana na mwinuko wa tao: ((Upana / 2)^2 + Mwinuko^2) / (2 * Mwinuko). Upana wa 1200 na mwinuko wa 200 vinatoa 1000 mm, na mchoro umekubali. Mwinuko ukiwa 0 fomula inagawa kwa sifuri, na ukizidi nusu ya upana tao linajikunja ndani ya miimo. Mipaka yote miwili itawekwa kwa njia ileile ya Pembe_Kazi. Kilichobaki ni kuifanya fremu ifuate tao bila kuachia kufuli zake pale linapokutana na mwimo. Kwa sasa inashika hadi 1800 mm, na kwenye 2400 mm kufuli ya mwimo wa kulia inaachia.