Betri ya moyo umehama nayo, kliniki imebaki ulikotoka

Mwenye betri ya moyo (pacemaker, kifaa kinachopandikizwa kifuani kuupiga moyo kwa umeme) akihamia nchi ya watu, mara nyingi kinachomchosha si ugonjwa bali kuzungushwa. Daktari wa familia anamwelekeza kliniki ya moyo. Kliniki inamjibu kwamba haikumpandikiza yeye, arudi akaandikiwe rufaa. Kampuni iliyotengeneza kifaa nayo inasema mambo ya mipangilio inazungumza na daktari, si na mgonjwa. Wiki zinakatika, kifaa hakijasomwa, yaani hakijaunganishwa na mashine inayoonyesha hali na mipangilio yake.

Chanzo kimojawapo ni kwamba kifaa hakisomwi na mashine yoyote tu. Medtronic, Abbott, Boston Scientific, Biotronik na MicroPort, kila kampuni ina mashine yake, na ya huyu haifungui kifaa cha yule. Kwa hiyo ukipiga simu mapokezi usianze na "nina shida ya moyo". Taja kampuni, modeli, namba ya kifaa na mwaka uliopandikizwa, kisha omba mambo mawili: kifaa kisomwe, na usajiliwe kwa ufuatiliaji. Karani hawezi kukupima moyo kwa simu, lakini kuuliza kama wanayo mashine ya kampuni fulani anaweza.

Hayo yote yameandikwa kwenye kadi ya kifaa. Ipige picha mbele na nyuma. Ila kadi peke yake ni nusu ya kazi. Iandikie kliniki ya zamani, hata kama umeshahama, ikutumie ripoti ya upasuaji yenye modeli za nyaya zinazotoka kwenye betri kwenda moyoni (wengi huondoka na namba ya betri tu), karatasi ya usomaji wa mwisho, na mipangilio: namna kifaa kinavyoupiga moyo ni VVI, DDD au nyingine (herufi hizi ni majina ya namna hizo), kasi ya chini ni ngapi, volti za chini kabisa zinazotosha kuupiga moyo ni ngapi, na ukinzani wa umeme kwenye kila waya. Namba za ukinzani zina maana zikilinganishwa na za nyuma. Zikiruka juu ghafla, waya huenda umekatika ndani au haukukazwa vizuri kwenye betri. Zikishuka sana, huenda ganda la waya limechubuka. Omba pia waandike waziwazi kama moyo wako unategemea kifaa kila pigo. Sentensi hiyo moja inaweza kukupa miadi ya karibu kuliko barua ndefu ya malalamiko.

Kadi imepotea? Eksirei ya kifua huonyesha alama ya mtengenezaji kwenye betri yenyewe. Ukijikuta chumba cha dharura ambako hakuna anayejua kifaa chako ni cha nani, wakumbushe hilo.

Sasa kile kisanduku cha kando ya kitanda, kinachotuma taarifa usiku. Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Taa inawaka, mtu analala akiamini kuna anayemwangalia. Taarifa huenda kwenye kliniki uliyosajiliwa, na kama hiyo bado ni ya zamani, ya hapa haioni kitu. Kliniki ya zamani inatakiwa ikuachilie kwenye mfumo, mpya ikupokee. Mpaka pande zote mbili zifanye hivyo, unaning'inia, huna anayekuangalia. Kingine, kisanduku cha nchi moja huenda kisishike mtandao wa simu wa nchi nyingine, basi uliza kama utahitaji kipya. Na hata kikifanya kazi vizuri, si huduma ya dharura: taarifa kwa kawaida husomwa saa za kazi.

Kila usomaji, uliza betri imebakiza muda gani. Kifaa kikionyesha alama ya kubadilishwa, kwa kawaida kinakuwa kimebakiza kama miezi 3. Muda huo unamtosha aliyesajiliwa. Kwa anayesubiri rufaa, ni mfupi mno.

Wenye kifaa cha kushtua moyo (ICD, kinachoushtua kwa umeme mapigo yakiharibika kwa hatari) wana lao. Kikishtua mara 1 na ukajisikia vizuri, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Kikishtua mara 2 au zaidi ndani ya saa 24, au mara 1 pamoja na kifua kuuma, kukosa pumzi au kuzimia, ita gari la wagonjwa. Waambie mapema una kifaa gani: sumaku ikiwekwa juu ya kifaa cha kushtua husimamisha mishtuko, lakini juu ya betri ya kawaida hulazimisha mapigo ya kasi isiyobadilika. Anayevichanganya hivi viwili anaweza kukudhuru.

Ngozi juu ya kifaa ikiwa nyekundu, ikivimba au ikitoa maji, usikubali kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani kabla wa kliniki ya vifaa hawajaiona, wala sindano isichomwe hapo kunyonya maji.

Ukinyimwa MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa) kwa sababu tu una betri, uliza kama wameangalia modeli. Ruhusa hutegemea betri na nyaya zote kwa pamoja, na waya wa zamani ulioachwa ndani huweza kukunyima ruhusa hiyo. Hata ikiruhusiwa, kifaa hubadilishwa mipangilio kabla ya kipimo na kurudishwa baadaye, kwa mashine ileile ya kampuni. Waombe watu wa kifaa na watu wa MRI wakupange siku moja, vinginevyo utafika na kukuta chumba kipo, mashine ya kusoma kifaa haipo.