Namna Nilivyokipa Kipemba Nafasi Yake Katika Riwaya

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu, inayosimulia maisha ya familia ya wachumaji karafuu kaskazini mwa Pemba, niliiandika nikiwa Dar es Salaam kwa kutegemea kumbukumbu za utotoni. Nilitaka kila mhusika asikike kuwa ni Mpemba, basi kila mtu nikamwita ntu, kila mtoto ntoto, na kila mkono nkono, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Rafiki yangu wa Bara alichoka kabla ya kuimaliza sura ya pili. Lililoniuma zaidi ni kauli ya shangazi yangu wa Konde, ambaye alinisikiliza kwa utulivu nikimsomea kurasa kumi, kisha akasema: "Mwanangu, hawa wote wasema kama ntu mmoja."

Alisema kweli. Msimu uliofuata nilirudi kijijini, nikakaa kwake wiki tatu bila kushika kalamu mbele ya watu. Mchana wachumaji walikwea mikarafuu na kuyavuta matawi kwa upembo, ile fimbo yenye ncha iliyopinda. Usiku tulikaa jamvini, kandili katikati, tukichambua. Unakishika kichala, unakisugua kiganjani mpaka karafuu zinaachana na makonyo, yaani vijiti vyake, na harufu yake haitoki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa kipimo cha pishi, mikono haisimami, na maneno nayo hufupishwa.

Hapo ndipo nilipokisikia nilichokuwa nimekikosa. Nikiinuka, shangazi huniuliza "Kwendapi?", na jirani akichungulia huulizwa "Kufanyani?" Katika Kipemba nafsi ya pili umoja huchukua ku-, wapi ikabaki -pi, na nini ikabaki -ni. Lakini alipokuja mgeni kutoka mjini, shangazi yule yule alimuuliza "Unakwenda wapi?" kwa ukamilifu wote. Kwake yeye lahaja ni ya watu wa ndani, na sanifu ni baraza ya kupokelea wageni.

Nilipoiandika riwaya upya, nilifuata mpaka huo. Mhariri alitaka kitabu kizima kiwe katika Kiswahili sanifu, akanikumbusha kwamba tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, ndicho kilichofanywa msingi wa sanifu hiyo. Kwa upande wa msimulizi nilikubali, na hao akina ntu karibu wote nikawaondoa. Katika mazungumzo sikukubali. Tulibishana sana kuhusu "Kwendapi", kwa sababu aliona msomaji ataidhania kuwa ni kitenzi tu cha kwenda, nikaitatua kwa kuliweka jibu papo hapo: "Kwendapi?" "Kisimani, mama." Faharasa ya kueleza maneno ya Kipemba niliikataa kabisa, kwani humtoa msomaji uani na kumpeleka darasani.

Binti wa riwaya hii anarudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kukaa Bara, na kwa sura sita mama yake anamsemesha kwa sanifu, kwa heshima zote, kama mgeni. Katika sura ya saba binti anachukua pakacha alfajiri bila kuambiwa, na mama anamwita akiwa mlangoni: "Kwendapi, weye?"

Nilipofika hapo katika kumsomea, shangazi aliacha kuchambua, akaniomba nirudie.