Gari Lililosimamishwa kwa Mbao: Safari ya Mnadani Kutafuta Mercedes 600

Treni ya kutoka kituo cha Marylebone, London, ilitusimamisha wima hadi nusu ya njia, na tiketi yake ilikuwa ya bei ambayo kwingine ungelala kitandani hadi asubuhi. Baada ya treni, teksi. Magari ya kifahari ya zamani huko Uingereza mara nyingi hunadiwa kwenye mabanda makubwa ya viwanja vya ndege vilivyostaafu, katikati ya mashamba, na aliyechagua mahali hapo hakuwafikiria wanaokuja kwa miguu. Mlangoni unauziwa katalogi nene inayowaingiza watu wawili. Ukitaka kunyanyua mkono siku ya mnada, unajisajili kabla: pasipoti, uthibitisho wa anwani, na barua ya benki au amana. Chai ya kikombe cha karatasi sitaitaja bei yake.

Mzee niliyeandamana naye alikuwa ameisoma katalogi mpaka kurasa zimelegea. Alitaka gari moja tu, Mercedes 600 ya mwaka 1968, nyeusi, usukani kulia. Si ile ndefu iitwayo Pullman, bali fupi yake, ingawa "fupi" hapa ni gari la mita 5.54. Mimi nilikwenda kama jicho lake la fundi.

Gari hili lilitolewa kuanzia 1963 hadi 1981, na kwa miaka yote hiyo yalitengenezwa 2,677 tu. Kati ya hayo, 2,190 ni mafupi, 428 ni Pullman, na 59 ni yale yenye paa la nyuma linalofunguka. Injini ni V8 ya lita 6.3, nguvu farasi 250, yenye pampu ya Bosch ya kupuliza mafuta kwa mitambo. Watu wengi husimama hapo hapo, wakaiangalia injini, wakasikiliza inavyonguruma, wakatoa hundi. Injini ndiyo sehemu isiyo na usumbufu sana. Gari hili linaendeshwa na mabomba: ya mafuta ya shinikizo yanayosukuma vioo, viti na buti, na ya hewa yanayolibeba mgongoni. Mabomba ndiyo yanayokufilisi.

Tulifika mapema siku ya maonyesho, banda likiwa bado na ubaridi wa usiku. Gari lilikuwa limekaa sawasawa, nafasi kati ya tairi na bodi ikilingana pande zote nne. Kwa gari la springi za chuma hilo lisingekuwa na maana yoyote. Kwa 600, lililolala usiku kucha bila kuwashwa, ni habari njema kupita kiasi, maana halina springi hizo. Lina mipira ya hewa, tangi la hewa, vali za kupima kimo, na kompresa inayozungushwa na injini. Likiwa zima hubaki juu kwa siku nyingi. Likiwa linavuja, asubuhi unalikuta limekaa kitako, mara nyingi nyuma kwanza au upande mmoja.

Nilipiga magoti na tochi. Kati ya ekseli ya nyuma na bodi palikuwa na vipande viwili vya mbao vilivyopakwa rangi nyeusi. Mbele pia.

"Fundi, umeona nini huko?" Mzee aliuliza.

"Mbao, Mzee."

"Mbao za nini tena kwenye Mercedes?"

Za kulizuia lisishuke. Anayelihifadhi gari hili kwa muda mrefu anaweza kuzitumia kwa nia njema kabisa, kwa sababu bodi ikikalia mipira iliyoisha hewa, mipira hujikunja pale pale kila siku, kisha hupasuka. Lakini kuzipaka rangi nyeusi zisionekane ni jambo jingine. Kijana wa mnada aliyevaa tai alituambia zimewekwa "kwa ajili ya usafiri". Tulipoomba ziondolewe akasema sheria za usalama haziruhusu, na hapo nilikubaliana naye: usiingize hata kichwa chini ya 600 isiyo na stendi za chuma. Hewa ikitoka ghafla, tani mbili na nusu hushuka bila kupiga honi.

Akakubali kuwasha injini. Kabla hajaufikia ufunguo niliweka kiganja kwenye radieta, na ilikuwa vuguvugu. Fanya hivyo kila mara, maana pampu ya kupuliza kwa mitambo hujionyesha tabia yake injini ikiwa baridi, na muuzaji mwenye akili huipasha mapema kabla wanunuzi hawajafika. Gari likawaka kwa mkupuo mmoja. Geji ya shinikizo la oili ya injini ikapanda hadi mwisho wake, baa 3, ikashuka kidogo ilipopumzika. Moshi hakuna. Kifuniko cha radieta, kilipopoa, hakikuwa na utando wa rangi ya maziwa. Bloku ya injini hii ni ya chuma lakini vichwa vyake ni vya aluminiamu, na miaka ya kutiwa maji matupu badala ya dawa ya radieta huvila vichwa hivyo kimyakimya. Hapa havikuwa vimeliwa, kwa kadiri unavyoweza kujua bila kufungua boliti.

Tukaliacha lingurume dakika chache kompresa ijaze tangi, kisha nikaomba lizimwe na watu wanyamaze. Kwenye tairi la nyuma kushoto palisikika mvuumo mwembamba, sssss, usioisha. Kwenye karakana ungepuliza maji ya sabuni ukaona povu. Katika banda la mnada hawakuruhusu chupa ya sabuni karibu na rangi, kwa hiyo ukawa ni mtihani wa sikio.

Sasa vioo. Mercedes 600 haina mota za umeme za vioo. Pampu hutengeneza shinikizo la takribani baa 150, na mafuta hupita kwenye mabomba membamba hadi ndani ya milango. Swichi ya kioo si swichi, ni vali. Ukiigusa kidogo kioo hutembea polepole, ukiikandamiza hupanda bila sauti kwa nguvu ya kuvunja kidole. Mfumo mzima ukiwa salama, shinikizo lililohifadhiwa hukuruhusu kutumia vioo mara kadhaa baada ya injini kuzimwa. Mzee alikaa kiti cha nyuma kama aliyezaliwa humo, akashusha kioo. Kikashuka kwa heshima zote. Akabonyeza ili kipande juu. Kikabaki chini.

Hatukulaumu swichi kwanza. Pita na kiganja kwenye ngozi ya mlango, sehemu ya chini kabisa, ukikandamiza. Ikiwa na unyevunyevu wa mafuta, bomba au silinda ya kioo ndani inavuja. Angalia matundu ya kutolea maji chini ya mlango: uchafu mkavu ni wa kawaida, uchafu mweusi unaong'aa ni mafuta. Nyanyua ukingo wa zulia chini ya swichi za dereva. Milango miwili ya nyuma ilikuwa na mafuta, ya mbele mikavu, na zulia la dereva lilikuwa na doa lililofunikwa na kapeti mpya. Vali moja ya swichi, ukiipata, huuzwa kwa maelfu ya euro. Bomba lenyewe ni nafuu, ila kulifikia kunataka mlango uvuliwe wote. Na ukilirekebisha moja, shinikizo huenda kutafuta lililo dhaifu zaidi.

Kwa nini yote yanavuja kwa pamoja? Jibu lilikuwa kwenye simu. Uingereza unaingiza namba ya gari mtandaoni na kuona historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka, wa MOT. Gari hili lilikaguliwa mara ya mwisho 2012, na kati ya 2006 na mwaka huo lilitembea maili mia tatu na kitu. Tangu Mei 2018 gari lililovuka miaka 40 halilazimiki kukaguliwa tena, kwa hiyo hakuna jicho rasmi lililopita chini yake. Sili za mpira, zinazozuia mafuta na hewa visivuje, haziharibiki kwa kutembea kama zinavyoharibika kwa kusimama. Katalogi ilikuwa imelisifu kwa "maili chache". Matairi yalikuwa na alama 1108, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2008: rangi nzuri, kazi hakuna.

Kutu niliitafuta kwa kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa karibu maikroni 100 hadi 150, ikipita 300 imepakwa tena, ikipita 1,000 chini yake kuna puti ya kujazia, si chuma. Kingo za chini ya milango na sakafu ya buti, pale tairi la akiba linapokaa, zilikuwa sawa. Tao la tairi la nyuma kulia lilisoma 1,400. Namba ya chasisi ilianza na 100.012, ambayo ndiyo fupi, kisha 22: tarakimu ya kwanza ya hizo mbili ni usukani wa kulia, ya pili ni gia za otomatiki. Ikianza na 12 na usukani uko kulia, gari limegeuzwa, na ndoa yake na nyaraka imeharibika.

Mzee hakutoka garini kwa muda. Alikuwa akizungumzia utotoni, walipopangwa barabarani na vibendera vya karatasi tangu asubuhi, jua kali, hadi msafara upite. Kilichopita kilikuwa kitu kirefu cheusi chenye mapazia, na walimu wakapiga makofi. Mobutu alikuwa nalo, Idi Amin alikuwa nalo, Tito pia. Watoto wale ndio waliokuja kuwaita wakubwa wao Wabenzi, na nusu yao walitamani kuwa wao. Nilimwambia kwamba aliyekaa nyuma wakati ule hakulipia fundi.

"Ndiyo maana nimekuleta wewe," akasema.

Tulikaa kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu, chumba chenye kipasha joto kisichozimika, tukapiga hesabu. Bei ya nyundo si bei. Kwa mnada huu ada ya mnunuzi ilikuwa asilimia 12.5, na juu ya ada hiyo kodi ya VAT ya asilimia 20, kwa hiyo kila pauni uliyopiga inakuwa 1.15. Nyundo ikigonga kwa 52,000 unatoa 59,800. Angalia pia vialama vidogo kando ya namba ya gari katika katalogi: gari lililoingizwa nchini kwa muda linaweza kuongezewa kodi ya asilimia 5 ya uagizaji. Hili halikuwa na alama. Makadirio yalikuwa pauni 50,000 hadi 60,000. Tukaandika kikomo kwenye kikaratasi, 45,000, na nikakishika mimi.

Siku ya mnada yenyewe ilipita upesi. Dalali alianza 35,000, akapanda kwa elfu moja moja. Jua kwamba anaruhusiwa kunadi kwa niaba ya muuzaji hadi karibu na bei ya chini iliyofichwa, kwa hiyo mikono unayoiona mbele si yote ya watu. Ndani ya ukumbi nilihesabu mmoja tu aliyekuwa akinyanyua kweli, akaacha 42,000. Dalali akaendelea kunadi na ukuta, bila mtu, hadi 44,000, akasubiri, akamtazama Mzee.

"Mzee, mikono mfukoni."

Gari likapita bila kuuzwa. Hapo ndipo mnunuzi mvumilivu huanza kazi. Kwenye meza ya ofisi, gari lisilofikia bei linaweza kuuzwa kwa makubaliano, na muuzaji aliyekwisha kulipia usafiri wa kulileta hataki kulipia wa kulirudisha. Tuliweka mezani orodha fupi: mbao nne, mvuumo wa nyuma kushoto, milango miwili yenye mafuta, tao lililosoma 1,400. Hatukupandisha sauti wala hatukuliponda gari. Walipiga simu mara mbili, bei ikafungwa 43,000. Ada huwa palepale hata nyundo isipogonga: 5,375 na VAT yake 1,075, jumla 49,450.

Tangu dakika hiyo hatari yote ni yako. Bima iwe imeshaandaliwa, pesa ziingie kabla hawajakupa ufunguo, na gari liondoke kabla ya saa waliyotaja, vinginevyo kila siku ya kuliweka inalipiwa. Kadi ya usajili, V5C, haithibitishi umiliki, kwa hiyo dai risiti yenye namba ya chasisi. Mzee aliulizia kontena la baadaye, nami nikampa vipimo: la futi 20 lina urefu wa ndani wa karibu mita 5.9 na upana wa 2.35, gari lina upana wa 1.95. Linaingia, ila milango haifunguki. Linavutwa kwa winchi, na dereva asiyelijua atategemea kutokea dirishani, na kioo kikishashuka huenda kisipande tena. Pullman ya mita 6.24 haliingii kabisa.

Lori lilikuja la kitanda kinachoinama. Mikanda ilifungwa kwenye magurudumu, si kwenye bodi, kwa sababu hewa ikipungua njiani bodi hushuka, mkanda unalegea, na gari linaanza kucheza. Mbao nyeusi tukaziacha hapo hapo zilipokuwa. Karakana imeshapewa mpangilio: mpira wa hewa wa nyuma kushoto na vali yake kwanza, kisha sili za kompresa, matairi manne, halafu milango ya nyuma mmoja mmoja, na tao la kulia likwanguliwe hadi chuma kabla ya kuahidiana bei.