Vijiti vinavyosema kama kanga

Miaka 9 nimeishi Milton Keynes, hapa Uingereza, bila kujua kwamba vijiji vinavyotuzunguka, Olney na vingine vya Buckinghamshire na Bedfordshire, zamani vilikuwa vikiishi kwa lesi ya mkono.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, bibi wa miaka 80 na ushei. Siku moja ya baridi kali aliniita ndani. Mezani palikuwa na mto mgumu ulioshindiliwa mabua ya ngano, juu yake karatasi iliyotobolewa vitundu, na vijiti vyembamba kama penseli vikining'inia, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Nchani mwa kila kijiti pana kipete cha shanga cha kukitia uzito kisiviringike. Akashika vinne. Vile viwili vya katikati, cha kushoto kikapita juu ya cha kulia: huko ni kupisha. Kisha katika kila jozi cha kulia kikapita juu ya cha kushoto: huko ni kusokota. Akachomeka pini, akaendelea. Ua lolote utakaloliona kwenye lesi hii limetokana na miendo hiyo miwili.

Nilipoiona ile karatasi ya vitundu nilimkumbuka mama, Unguja, na kofia zake za viua. Naye hutoboa kwanza, kisha ndipo anashona tundu kwa tundu, na kofia moja humla miezi.

Bibi akaniambia watoto wa miaka mitano, sita, walipelekwa shule za lesi, wakiimba nyimbo za kuhesabu pini ili mikono isilegee. Usiku watu kadhaa waligawana mshumaa mmoja, mbele yake chupa za maji za kukusanya mwanga uangukie kwenye mto. Na mchuuzi aliyewauzia uzi ndiye aliyenunua lesi, mara nyingine akilipa kwa bidhaa badala ya pesa. Hapo niliumia, maana najua mama alivyokuwa akipewa bei ya kofia mlangoni na mtu ambaye hajawahi kushika sindano. Kisha mwaka 1809 John Heathcoat akapata hataza ya mashine ya kufuma neti, na miaka ilivyokwenda mashine zikajifunza na maua.

Lakini kilichonikaa moyoni ni vijiti vyenyewe. Vingi vya zamani ni vya mfupa, vimechongwa majina na maneno kwa vidoti vya rangi: jina la mchumba, la mtoto aliyezaliwa, ombi la kupendwa, hata jina la mtu aliyenyongwa. Sisi tulidhani ni kanga peke yake inayomsemea mwanamke! Na zile shanga, anayezifunga huweka humo ukumbusho wake, pengine kifungo cha nguo ya mtu wake.

Sasa nakwenda kwake kila Jumamosi. Utepe wangu una urefu wa kidole. Juzi amenipa kijiti cha mti kisicho na kipete, akaniambia shanga nitafute mwenyewe. Nikampigia mama usiku uleule, nikamwomba kifungo kimoja cha kanzu ya marehemu baba. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Cha shingoni au cha mkononi?"